Ua wa Mpakani: Wa Nani, na Nani Autunze?

Uzio ulio kati ya bustani mbili ni wa yule ambaye umesimama katika ardhi yake. Jibu hilo ni fupi, lakini halimfai mtu kitu mpaka ijulikane mpaka wenyewe unapita wapi. Katika vijiji vya Dumila, wilayani Kilosa, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, mpaka hukaa zaidi katika kumbukumbu za wazee na majirani kuliko katika ramani.

Ardhi ambayo haijapimwa hugawanywa kwa hatua za miguu, kisha pembeni hupandwa minyaa, mibono au mkonge, au huachwa mwembe wa zamani uwe shahidi. Ni alama za bei nafuu, ila zina kasoro moja kubwa: ziko hai. Mnyaa hunenepa na kutoa matawi. Mkonge huchipua pembeni na kuzaa mkonge mwingine. Mstari uliopandwa kwa kamba huwa kichaka kipana, na kila jirani hudai kwamba katikati ya kichaka hicho ni kule kwa mwenzake. Maji nayo yana lake. Mafuriko ya Januari 2014, yaliyoikumba Dumila na Magole na kukata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, ni ya aina inayoweza kufuta mfereji au safu ya miche kwa usiku mmoja.

Kiwanja kilichopimwa kina nafuu. Pembe zake zimewekwa bikoni zenye namba, na hatimiliki humtaka mmiliki azilinde kwa muda wote wa hati. Ikipotea moja, hurudishwa kwa gharama ya mmiliki. Kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 humtaka mwenye hakimiliki ya kimila azitunze alama zote za mpaka, za asili na za kuwekwa. Kinacholindwa hapo ni alama. Uzio usiokuwa alama ya mpaka ni hiari ya mtu, na hakuna kanuni ya jumla inayomlazimisha jirani kuuchangia. Kenya imekwenda mbele kidogo: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa msajili uwezo wa kuagiza ni yupi kati ya majirani wawili atakayetunza alama ya mpaka wao wa pamoja. Kifungu cha namna hiyo kingepunguza kesi nyingi.

Penye ukimya wa sheria zilizotungwa, mahakama za Tanzania huangalia kanuni za sheria ya kawaida ya Kiingereza (common law) zilizopokewa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa kanuni hizo, mti ni wa mwenye ardhi shina lilipo, hata kama kivuli chake chote kiko kwa jirani. Tawi likivuka, jirani anaweza kulikata mpaka kwenye mstari wa mpaka, asizidi hapo. Na maembe yaliyo kwenye tawi hilo bado ni ya mwenye mti, jambo ambalo huwashangaza wengi. Ua uliopandwa juu ya mstari wenyewe kwa makubaliano ni wa wote wawili, na si halali kwa mmoja kuung'oa peke yake. Anayepogoa minyaa aangalie pia macho, maana utomvu wake huunguza.

Ubishi ukizuka, mlango wa kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, angalau 3 kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, halitoi tena hukumu za ardhi: husuluhisha, na likishindwa hutoa uthibitisho ili shauri lipelekwe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuchelewa kuna hatari yake, kwani Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 tu ya kudai ardhi iliyochukuliwa. Lakini anayelima kipande cha jirani kwa kuruhusiwa hakigeuzi kuwa chake kwa kukaa muda mrefu.

Mengi ya haya huzuilika kabla ya mche wa kwanza kupandwa. Mwenye bustani awaite majirani wanaopakana naye na mwenyekiti wa kitongoji, wavute kamba, kisha waandike karatasi moja yenye sahihi zao: mpaka unapita wapi, ua uko upande wa nani, nani atapogoa, na gharama ya seng'enge au miche itagawanywaje. Nakala ibaki kwa kila upande, na nyingine katika ofisi ya mtendaji wa kijiji.