Matplotlib: Namna ya kuchora kisanduku cha maandishi chenye umbo unalotaka

Chati inayosomeka vizuri kwenye kompyuta inaweza kumchanganya anayeitazama kwenye simu. Mara nyingi shida siyo takwimu, ni lebo: ipo karibu na mstari, lakini haieleweki inazungumzia nukta ipi.

Chukua mfano wa sensa za Tanzania. Mwaka 1967 walihesabiwa watu milioni 12.3, 1978 milioni 17.5, 1988 milioni 23.1, 2002 milioni 34.4, 2012 milioni 44.9 na 2022 milioni 61.7.

Ukiandika “milioni 44.9” ikaelea tu juu ya mstari, msomaji anaweza kudhani ni idadi ya 2002 au ya 2022. Akikosea hapo, amekosea kwa watu zaidi ya milioni 10.

Dawa yake ni kisanduku chenye mkia unaogusa nukta husika, kama viputo vya maneno kwenye katuni.

Maumbo yaliyopo tayari

Matplotlib ni maktaba ya bure ya kuchora chati kwa lugha ya Python. Ilianzishwa na Mmarekani John Hunter, mtafiti wa masuala ya ubongo, na ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2003.

Ukiandika maandishi kwenye chati, unayawekea kisanduku kwa `bbox`, kisha unachagua umbo kwa `boxstyle`. Kuna `round` (kona za mviringo), `circle` (duara), `rarrow` (mshale wa kulia) na `sawtooth` (kingo kama meno ya msumeno).

Kwa kazi nyingi hayo yanatosha. Ila kiputo chenye mkia hakimo. Hapo inabidi ujichoree mwenyewe.

Chora umbo lako

Habari njema ni kwamba `boxstyle` haipokei jina peke yake, inapokea pia fanksheni. Matplotlib hupima maandishi kwanza, halafu huipa fanksheni yako vitu vitano: mahali ilipo kona ya chini kushoto (x na y), upana, kimo na ukubwa wa herufi.

Kazi yako ni kurudisha orodha ya pointi za kuunganishwa, basi.

```
from matplotlib.path import Path

def kiputo(x, y, w, h, s):
    p = 0.4 * s
    x0, y0 = x - p, y - p
    x1, y1 = x + w + p, y + h + p
    k = (x0 + x1) / 2
    return Path([
        (x0, y0), (k - p, y0),
        (k, y0 - 2*p), (k + p, y0),
        (x1, y0), (x1, y1),
        (x0, y1), (x0, y0)],
        closed=True)
```

Hapa `p` ni nafasi kati ya maandishi na ukingo, na `k` ni katikati ya kisanduku, mahali mkia unaposhukia. Kwa kuwa `p` inatokana na ukubwa wa herufi, ukikuza maandishi kiputo nacho kinakua.

Usisahau kurudia pointi ya kwanza mwishoni. `closed=True` huichukua pointi ya mwisho kama alama ya kufunga tu, kwa hiyo usipoirudia, kona moja ya kisanduku itapotea.

Mkia uguse nukta

Hapa ndipo wengi wanakwama. Ncha ya mkia iko chini ya maandishi kwa `p` mara tatu. Kwa herufi za ukubwa wa 10, hiyo ni 12. Basi pandisha maandishi kwa kiasi hichohicho:

```
ax.annotate("milioni 44.9",
    xy=(2012, 44.9), xytext=(0, 12),
    textcoords="offset points",
    ha="center", va="bottom",
    fontsize=10,
    bbox=dict(boxstyle=kiputo,
              fc="white", ec="black"))
```

Ncha inatua juu ya mwaka 2012, na hata ukibadili ukubwa wa chati haihami.

Kabla ya kuchapisha

Kisanduku huchorwa juu ya mstari, hivyo rangi nyeupe inaweza kuficha data. Kagua picha ikiwa na upana wa simu. Lebo ya nukta ya pembeni kabisa ikikatwa, ongeza nafasi kwa `ax.margins(0.2)`.

Pia usiweke viputo sita kwa nukta sita. Kiweke pale ambapo msomaji anaweza kupotea. Kwenye chati hii, sehemu mojawapo ni kati ya 1988 na 2002: idadi iliongezeka kwa milioni 11.3, lakini sensa hizo zilipishana miaka 14, siyo 10. Ukiandika “baada ya miaka 14” ndani ya kiputo cha 2002, hakuna atakayedhani ni ongezeko la muongo mmoja.