Kuuza Vitu Uani: Bei Ni ya Mnunuzi

Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Nusu yao walipewa kikombe kila mmoja kiwe chake, nusu wakabaki mikono mitupu, kisha wakaambiwa wauziane. Wenye vikombe walitaka kama dola 5.25. Wenzao waliishia kati ya dola 2.25 na 2.75. Biashara ikadorora, na vikombe vyenyewe vilikuwa mikononi mwao kwa dakika chache tu.

Sasa fikiria sofa uliyoikalia miaka tisa.

Wataalamu wanaiita hali hiyo athari ya umiliki. Ndiyo inayokwamisha mauzo ya vitu vya nyumbani kule Marekani, ambako familia hupanga vyombo mbele ya gereji Jumamosi asubuhi na kuwauzia majirani na wapita njia. Tangazo likikosewa huandikwa upya, mvua ikinyesha siku husogezwa. Bei iliyopangwa kwa moyo wa mwenye mali ndiyo inayorudisha kila kitu ndani jioni.

Kwa hiyo simama mbele ya kila kitu ujiulize: kama kisingekuwa changu, leo ningetoa kiasi gani? Kwa nguo na vyombo vya kawaida jibu la kweli ni dola 1 hadi 5, hata kama dukani ulilipa 40. Zana za fundi na samani za mbao ngumu hushika bei. Kaseti za video, sahau.

Ukishapata jibu, liandike na ulibandike. Aliyekulia karibu na Gikomba au Kariakoo huteleza hapa, maana kwetu kitu kisicho na bei ni mwanzo wa maongezi. Mnunuzi wa Marekani asipoona bei, mara nyingi hukirudisha mezani kimya kimya na kwenda zake. Akiiona ndipo atakapoomba apunguziwe, basi acha nafasi ya kushuka kidogo. Weka pia noti za dola 1 na sarafu za senti 25 za chenji, na uvute ekstensheni hadi uani ili anayetaka pasi aijaribu.

Watakaotangulia kufika, pengine hujamaliza hata kupanga meza, ni wachuuzi wanaonunua ili wakauze tena. Bei wanazijua kuliko wewe. Usiwashushie sana mapema, kwa sababu siku ingali mbichi na wateja wengine wanakuja. Ikifika saa sita mchana mambo hugeuka: kata bei nusu, na baadaye uza nguo kwa mfuko mzima.

Sheria nazo zipo. Miji mingi hudai kibali, na mingine huweka kikomo cha mauzo ya aina hii kwa mwaka. Ulizia ofisi za mji wako. Sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 2008 inakataza kuuza kitu ambacho kimeondolewa sokoni kwa sababu ya hatari, na uani kwako si kisingizio. Vitanda vya watoto vyenye ubavu wa kushusha vimepigwa marufuku tangu 2011. Kiti cha mtoto cha garini kilichopita tarehe yake usimuuzie mtu wala usimpe bure. Kodi isikutishe: ukiuza vitu vyako kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia, hakuna faida ya kutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu.

Ambaye bado anaona sofa yake ina thamani, namshauri aende kwanza kununua kwa wengine. Tangu 1987, kila Agosti, watu hupanga meza, hasa kandokando ya barabara ya 127, siku hizi kutoka Michigan hadi Alabama, takriban kilomita 1,100. Ukizipita sofa kumi za wenzio bila kuuliza bei, kwako utaandika bei nyingine kabisa.

Masalio yasirudi gerejini. Panga mapema yapelekwe kwenye maduka ya hisani ya Goodwill au Jeshi la Wokovu, na uombe risiti kama huwa unaorodhesha michango yako kwenye fomu ya kodi. Nguo zinazokosa mnunuzi hata huko, baadhi hufungwa marobota na kusafirishwa, na wa Mombasa wanajua zinakofikia.