Je, Wajua? Wiki ya Pweza, Wiki ya Mbaazi

Je, wajua kwamba kuanzia Msimbati hadi mlango wa Mto Ruvuma, ratiba ya chakula cha wiki inaweza kusomwa kwenye kalenda ya Kiislamu? Mwezi unapoandama, na tena unapofika tarehe 14 au 15, bahari huingia bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa mbali na kuacha miamba wazi. Wiki moja baadaye ni maji mafu, maji hayatoki mbali na miamba haifunuki vizuri. Basi kila mwezi una vipindi viwili vya kitoweo cha kuokota na viwili vya kitoweo cha kununua. Mwenye fedha kidogo hana sababu ya kununua samaki siku za bamvua. Shilingi hiyo aitunzie maji mafu.

Je, wajua kwamba bamvua la pwani hii lina saa yake? Maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Watoto wakishakwenda shule, kina mama hushuka pwani, na pweza, chaza na kombe huwa jikoni kabla ya chakula cha mchana. Pweza akizidi, hukaushwa juani. Huyo ndiye wa kutia nazi wiki ijayo.

Na je, wajua kwamba dagaa nao hufuata mwezi? Huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi iking'aa, taa haziwavuti sana, na wavuvi wengi hupumzika. Giza likirudi dagaa hujaa, na fungu hushuka bei. Nunua siku hizo, kausha, weka. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, kwa hiyo konzi moja kwenye mchuzi wa nyanya si kitoweo cha kudharau hata kidogo.

Je, wajua kwamba wakazi huvua ndani ya hifadhi? Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba zipatazo 650, na vijiji vimo humohumo. Kila eneo lina masharti yake ya uvuvi. Kuyafuata ni kulinda chungu cha mwakani.

Je, wajua kwamba gramu 100 za mbaazi kavu zina protini kama gramu 21, na muhogo mbichi wa uzito huohuo hauna hata gramu 2? Muhogo unashibisha, na kwa watu wa Mtwara ndio nguzo. Lakini sahani ya ugali wa muhogo yenye mchuzi mtupu inamjaza mtoto tumbo bila kumjenga mwili. Kitaifa, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Shilingi inapokuwa chache, heri kupunguza sukari na soda kuliko kupunguza mbaazi.

Je, wajua jinsi chungu kimoja kinavyoweza kubeba siku mbili za maji mafu? Jumapili usiku loweka mbaazi au njugu mawe. Zilizolowekwa huiva upesi na kula mkaa mchache. Jumatatu chemsha nyingi, bila nazi. Gawa. Sehemu ya kwanza itie tui, iliwe na ugali. Ya pili ibaki na maji yake tu, ichemshwe tena hadi itokote jioni na asubuhi, kisha Jumanne iungwe kwa kitunguu na tui jipya, iliwe na wali au muhogo. Siri iko kwenye tui: ndilo linalowahi kuchacha. Ukitia nazi chungu kizima, umepoteza chungu kizima.

Je, wajua kwamba nazi moja ni manunuzi manne? Tui zito la kumalizia mchuzi, tui jepesi la kupikia kisamvu, machicha ya kuku, na kifuu cha kuwashia moto.

Je, wajua kwamba mafuta ya kupima ndiyo ghali kuliko yote? Kipimo kidogo kinaonekana rahisi, lakini jumlisha vipimo vya mwezi ulinganishe na bei ya dumu. Majirani wanne wakichanga dumu moja na kugawana, kila mmoja amepata nafuu ya bei ya jumla.

Je, wajua kwamba unga wa muhogo mchungu unaweza kulemaza? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mikoa ya Mtwara na Ruvuma ilikumbwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, ukiwapata zaidi watoto na kina mama. Chanzo ni sumu ya sayanidi iliyobaki kwenye unga, hasa mwaka wa ukame na njaa. Kumenya na kuanika makopa peke yake hakuiondoi yote. Mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia na wenzake walieneza njia isiyo na gharama: changanya unga na maji hadi ulowane wote, utandaze kwa tabaka jembamba juu ya mkeka, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu huruka na hewa. Unga huo upikwe siku hiyohiyo. Samaki na kunde nazo husaidia, maana mwili hutumia protini kuivunja sumu hiyo. Habari hii ingefaa itangazwe kila gulioni.

Je, wajua kwamba chai inayonywewa pamoja na mlo hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini kutoka kwenye mboga? Kamua limau kwenye kisamvu badala yake, chai isubiri. Wakati wa korosho, mabibo yanafanya kazi ya limau: yana vitamini C kulishinda chungwa mara kadhaa, na mengi huachwa yaoze chini ya mikorosho.

Je, wajua kwamba ming'oko, viazi vya porini vinavyochimbwa kiangazi, ni kifungua kinywa cha kutosha kikichemshwa tu?

Je, wajua kwamba gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na ikaanza kuzalishwa 2006? Baadhi ya nyumba za Mtwara mjini zimeunganishwa. Vijijini bado ni kuni na mkaa, ndiyo maana kuloweka ni sehemu ya bajeti.

Na je, wajua kwa nini Februari inauma? Kusini kuna msimu mmoja wa mvua. Mahindi huvunwa kuanzia Aprili, mbaazi huvunwa kiangazi, na fedha za korosho huingia kuanzia Oktoba au Novemba, wakati nafaka imeanza kupanda bei. Anayeweka gunia la mahindi mwezi wa Juni kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, wadudu hufa bila dawa. Asiyeweza, malipo ya kwanza ya korosho yakiingia akate kwanza unga wa Januari hadi Machi, kabla ya kanga na kabla ya bati.