Kuishi na Ugonjwa wa MS, na Ukweli Kuhusu Matibabu ya Seli Shina

Punguza moto wa jiko, uketi, tusikilizane.

Huenda nyumbani kwako kuna binti wa miaka 25 au 30. Siku moja aliamka jicho moja likiwa na ukungu, na kila akilizungusha linauma. Baada ya wiki chache likapona, mkasahau. Miezi ikapita, kisha miguu ikafa ganzi, akawa anayumba kama mlevi ilhali hajaonja pombe. Jirani mmoja akasema amerogwa, mwingine akasema ni uvivu. Mama, kabla ya kukubali maneno hayo, sikiliza mazungumzo ya leo.

Ugonjwa huu ni nini?

Unaitwa multipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Fikiria waya wa stima. Ndani kuna shaba, na nje kuna mpira wa kuikinga. Mpira ukichubuka, umeme haupiti sawasawa: taa hupepesa au huzima kabisa. Mishipa ya fahamu iliyo katika ubongo na uti wa mgongo nayo ina kifuniko chake. Kinga ya mwili ni askari wetu wa kupigana na viini vya magonjwa. Kwa mgonjwa wa MS, askari hao hukosea adui, wakashambulia kifuniko hicho.

Si ugonjwa mpya. Daktari Jean-Martin Charcot aliueleza huko Paris mwaka wa 1868. Wengi huanza kuugua wakiwa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni mara mbili au tatu ya wanaume. Huonekana zaidi Ulaya na Amerika Kaskazini kuliko kwetu karibu na ikweta, na kwa hivyo hapa huweza kuchelewa kutambuliwa. Hauambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kulala chumba kimoja.

Dalili ni zipi?

Macho kuona ukungu au kuona vitu viwili viwili. Ganzi na kuwashwa mikononi au miguuni. Udhaifu, kuyumba, mkojo kushindwa kuzuilika au kukataa kutoka. Tena kuna uchovu mwingi ambao hata usingizi hauuondoi. Kwa wagonjwa wengi dalili huja, hutulia, halafu hurudi. Dalili hizi zaweza kutokana na magonjwa mengine pia, basi usikisie. Mwombe daktari akutume kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Yeye hutumia picha ya MRI, na pengine hupima maji ya uti wa mgongo.

Je, kuna dawa?

Dawa ya kuumaliza kabisa haijapatikana. Lakini shambulio likija, steroidi husaidia kulituliza haraka. Zipo pia dawa za kuwazuia wale askari ili mashambulio yapungue. Mnamo Julai 2023, Shirika la Afya Duniani liliweka dawa tatu za MS katika orodha ya dawa muhimu. Mojawapo ni rituksimabu, ambayo pia hutumika kutibu baadhi ya saratani. Mwulize daktari juu yake.

Na matibabu ya seli shina?

Haya ndiyo mengi mnayoyauliza. Seli shina ni mbegu za damu, na hukaa katika uboho ndani ya mifupa. Fikiria shamba lililoharibiwa na magugu. Kwanza mkulima huweka mbegu nzuri ghalani. Kisha hung'oa kila kitu shambani, halafu hupanda upya.

Daktari naye hufanya hivyo. Mgonjwa hupewa dawa zinazotoa seli shina kwenye uboho hadi kwenye damu. Mashine huzikusanya, na huhifadhiwa katika baridi kali. Kisha mgonjwa hupewa kemotherapia kali ya kuondoa ile kinga iliyokosea. Mwishowe seli zake mwenyewe hurudishwa kupitia mshipa, na kinga mpya huanza kuota.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, wagonjwa 110 wa MS ya kuja na kutulia waligawanywa nusu kwa nusu. Waliozidi kudhoofika walikuwa 34 upande wa dawa, na 3 upande wa seli shina. Hata hivyo, baadhi ya dawa zenye nguvu za leo hazikuwemo.

Matokeo haya ni mazuri, lakini si kwa kila mtu. Hufaa zaidi kwa yule ambaye mashambulio yangali yanamjia na dawa zimeshindwa. Aliyelemaa kwa miaka mingi hunufaika kidogo, kwa sababu mshipa uliokwisha kufa haufufuki.

Tena yana hatari. Kwa siku kadhaa mwili hauna askari hata mmoja, na homa ndogo yaweza kuua. Wachache hufa. Nywele hunyonyoka. Hedhi yaweza kukoma mapema na uzazi ukapotea. Kama binti yako angali anataka watoto, azungumze na daktari kabla ya kuanza, si baadaye.

Je, tuuze shamba?

Kumpeleka mgonjwa ng'ambo hugharimu mamilioni ya shilingi. Kabla ya kuitisha harambee, mwulize mtaalamu anayemtibu maswali matatu: MS yake ni ya aina gani? Dawa zilizopo zimejaribiwa zote? Nani atamwangalia akirudi? Na ujihadhari na wanaouza sindano ya "seli shina" bila kemotherapia, wakiahidi kuponya MS, kisukari na kupooza kwa pamoja. Hayo siyo matibabu tuliyoeleza hapa.

Utamtunzaje nyumbani?

Joto huzidisha dalili kwa muda, basi apike asubuhi kabla ya jua kali, na aoge maji ya baridi kidogo. Apumzike katikati ya kazi. Afanye mazoezi mepesi. Akitaka kushika mimba, amwone daktari mapema, kwani dawa nyingine hazifai kwa mjamzito. Kama amerudi kutoka matibabu ya seli shina, achemshiwe maji, aepuke umati na wenye mafua, na afuate ratiba ya chanjo. Nyingi hurudiwa, hata zile za utotoni. Akipata homa, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Kumbuka mama: binti yako si mvivu wala hakurogwa. Mshike mkono, mwende hospitali pamoja, na muulize maswali kabla ya kutoa pesa.