Kibao cha Shule: Kinasema Nini, na Dereva Anaelewa Nini?

Hebu fanya jaribio dogo kesho asubuhi ukiwa njiani kwenda shule. Anza kama mita 200 kabla ya lango, malizia mita 200 baada ya lango. Hesabu vibao vyote vya barabarani unavyoviona. Vipo vingapi? Vinasema nini? Na je, vinakubaliana?

Huenda ukakuta kibao cha pembetatu chenye picha ya watoto. Huenda ukakuta duara lenye 50, na hatua chache mbele duara lenye 30. Huenda ukakuta nguzo tupu isiyo na kibao. Au usikute kitu kabisa, ila maandishi ya rangi ukutani: SHULE, ENDESHA POLEPOLE.

"Sasa hayo mambo ya madereva yananihusu nini mimi?" Yanakuhusu sana. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ni wako, na wa mdogo wako unayemshika mkono asubuhi.

LAMI IMEFIKA, NA MWENDO PIA

Kama unasoma Magamba au sehemu nyingine ya Mpanda, unajua jinsi usafiri ulivyobadilika. Barabara ya lami ya kutoka Mpanda hadi Tabora kupitia Koga, Ipole na Sikonge ilizinduliwa mwaka 2022. Ile ya kwenda Sumbawanga nayo ina lami sehemu kubwa. Ni jambo jema. Mgonjwa anafika hospitali mapema na mpunga unafika sokoni.

Lakini lami huongeza mwendo. Zamani mashimo ndiyo yalikuwa matuta yetu: dereva alipunguza mwendo atake asitake. Barabara ikinyooka, kinachobaki kumpunguza ni kibao, tuta na akili yake mwenyewe. Kibao kikiwa kinamchanganya, ulinzi mmoja umeshaondoka.

KIBAO GANI NI AMRI, KIPI NI ONYO?

Wengi wetu tunachanganya hapa, wakiwemo madereva.

Pembetatu yenye mpaka mwekundu ni ONYO. Ile yenye picha ya watoto inamwambia dereva, "Angalia, mbele kuna watoto." Haimwambii aende kilomita ngapi.

Duara lenye mpaka mwekundu na namba ndani ni AMRI. Likiandikwa 30, kupita kwa 31 ni kosa.

Duara lenye namba iliyokatwa kwa mistari ya mshazari linamaanisha kikomo kile kimeishia hapo.

Je, sheria yenyewe inasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini na kwenye makazi ya watu. Nje ya maeneo hayo, mabasi na magari makubwa yasizidi kilomita 80. Lakini sheria hiyo, ilivyoandikwa mwaka 1973, haikutaja namba maalumu ya mbele ya shule. Maana yake ni nini? Kama hakuna duara la 30 karibu na shule yako, dereva anayepita kwa 50 langoni anaweza kukuambia hajavunja kikomo chochote.

Ndiyo maana pembetatu peke yake haitoshi. Namba lazima iwepo.

KWA NINI 30 NA SI 50?

Eti tofauti ni kilomita 20 tu? Toa daftari la Fizikia tupige hesabu.

Gari haliachi kwenda pale dereva anapomwona mtoto. Kwanza dereva anachukua kama sekunde 1 kushtuka na kukanyaga breki. Sekunde hiyo gari linaendelea na mwendo uleule. Kisha breki zinaanza kazi. Kwa lami kavu, breki nzima na dereva aliye macho, makadirio ni haya:

Kwa kilomita 30 kwa saa: mita 8 za kushtuka na mita 5 za breki. Jumla mita 13.
Kwa kilomita 50 kwa saa: mita 14 za kushtuka na mita 14 za breki. Jumla mita 28.
Kwa kilomita 80 kwa saa: mita 22 za kushtuka na mita 35 za breki. Jumla mita 57.

Umeona? Mtoto akitokea ghafla mita 13 mbele, gari la 30 linasimama. Gari la 50 kwa umbali huohuo halijaanza hata kufunga breki! Linampiga kwa mwendo wake wote. Na kwa kuwa nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo, gari la 50 hupiga kwa nguvu karibu mara 3 ya gari la 30. Kichwa, shingo na mifupa ya binadamu havikuumbwa kupokea nguvu hiyo. Mvua ikinyesha, au lori likiwa limejaza mzigo, umbali wa kusimama huwa mrefu zaidi.

Kwa sababu hiyo, mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Sweden, Februari 2020 ulitaka kikomo kiwe kilomita 30 mahali ambapo magari na watembea kwa miguu wanachanganyika.

VIBAO HUKOSEA WAPI?

Ukivikagua vizuri vibao vya eneo lako, tafuta makosa haya:

1. Kimefichwa. Mkoani Katavi mvua zikishakolea, majani hupanda haraka na matawi hushuka. Kiangazi kikifika, ni zamu ya vumbi.

2. Kimechelewa. Kibao cha 30 kikiwekwa mita chache tu kabla ya lango, dereva anakiona akiwa ameshafika.

3. Kimeanza lakini hakikuisha. Hili ni lalamiko la siku nyingi la madereva Tanzania. Wanaona kibao cha 50 wakiingia kijijini, hawaoni kinachosema mwisho. Mmoja anaendelea na 50, mwingine anaamua mwenyewe kwamba kimeisha, na mbele trafiki yupo na tochi. Dereva aliyezoea kubahatisha kikomo, hata mbele ya shule atabahatisha.

4. Vinapingana. 50 upande mmoja, 30 upande wa pili, na hakuna ajuaye kipi cha kufuata.

5. Kimepitwa na wakati. Lango limehamishwa, kivuko kimefutika, ila kibao kimebaki palepale. Dereva akikuta mara tatu kibao cha watoto pasipo na watoto, mara ya nne hakisomi.

6. Kimeibwa. TANROADS wamelalamika mara nyingi kuhusu watu wanaong'oa vibao na kuviuza kama vyuma chakavu. Fikiria: kilo chache za chuma kwa maisha ya mtoto wa darasa la kwanza!

DAR ES SALAAM WALIFANYAJE?

Kibao hakifanyi kazi peke yake. Shirika la Amend lilianza mwaka 2012 jijini Dar es Salaam mradi wa SARSAI, unaokagua njia za wanafunzi wa shule ambazo watoto wake wanagongwa sana. Hawakuishia kusimika vibao tu. Walijenga njia za waenda kwa miguu, matuta na vivuko, na sehemu nyingine lango la shule lilihamishwa kutoka barabara kubwa kwenda barabara ndogo ya pembeni. Majeruhi walipungua kwa asilimia 26, na mradi ukapewa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019.

Somo ni hili: kibao humwambia dereva, tuta humlazimisha. Vyote viwili vinahitajika.

WEWE UNAWEZA KUFANYA NINI?

Pima mwendo. Huhitaji tochi ya trafiki. Ukiwa na mwalimu, chagueni miti au nguzo mbili zilizoachana mita 50. Simameni mbali na ukingo wa barabara, na msimpungie dereva yeyote. Hesabu sekunde gari linazotumia kutoka nguzo ya kwanza hadi ya pili, kisha gawanya 180 kwa sekunde hizo. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 3.6 ni kilomita 50. Sekunde 3 ni kilomita 60.

Chora ramani. Onyesha lango, kivuko, kila kibao na kosa lake.

Andikeni barua kupitia kwa mkuu wa shule. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, mitaa na vijiji zipo chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Nakala mpeni diwani, mtendaji wa kata na trafiki. Barua isiwe ya kulalamika tu, iwe na vipimo: "Kati ya magari 40 tuliyopima saa 1 asubuhi, magari ____ yalizidi kilomita 50 kwa saa." Mtu hawezi kubishana na namba kirahisi.

Mkisubiri majibu, fyekeni majani yanayoziba kibao kwa kibali cha mwalimu. Msihamishe kibao wala kuandika namba yenu. Mtazidisha mkanganyiko.

NA UKIVUKA LEO?

Usiamini kibao, amini macho yako. Simama ukingoni. Tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, maana magari yetu huendeshwa upande wa kushoto. Hata kwenye pundamilia, subiri mpaka gari limesimama kweli. Haki ya kupita ni yako, lakini mfupa unaovunjika ni wako pia. Usivuke mbele ya basi lililosimama: dereva wa bodaboda anayelipita hakuoni. Mshike mdogo wako mkono, wewe ukiwa upande wa magari.

JIPIME

1. Pembetatu yenye picha ya watoto inaamuru kilomita 30. Kweli au si kweli?
2. Gari limepita mita 50 kwa sekunde 4. Linakwenda kilomita ngapi kwa saa?
3. Kibao kimeanguka kwenye barabara ya mtaani kwenu. Utawaandikia nani?

Majibu: 1. Si kweli, ni onyo tu. 2. Kilomita 45. 3. TARURA, kupitia kwa mkuu wa shule.