Asili na Maana ya Neno "Thrall"

Vijana wetu wanaosoma Kiingereza huuliza maana ya neno thrall. Ni neno la zamani, maana yake mtumwa, na utumwa wenyewe huitwa thraldom. Asili yake ni lugha ya watu wa Skandinavia. Walipoivamia Uingereza na kuhamia huko, kuanzia karne ya 8, neno hilo liliingia pamoja nao. Waingereza walikuwa na neno lao, theow, ambalo leo limekufa.

Kutokana na thrall likapatikana enthrall, yaani kumtia mtu utumwani. Siku hizi kitenzi hicho hutumika kwa jambo linalompendeza mtu mpaka likamshika. Kiswahili nacho kina hayo: mateka wa vita ametekwa, na aliyevutiwa mno na kitu pia tunasema ametekwa.

Hapa pana mazingatio. Aliyefungwa mnyororo hutamani kutoka. Aliyetekwa moyo hupenda kubaki. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alimlaumu mja wa dinari na dirhamu, ingawa mbele ya watu ni muungwana.

Basi mzazi, kabla ya kumgombeza mwanao kuwa simu imemteka, jiulize wewe umetekwa na nini. Moyo wa Muislamu una Mola mmoja tu.

Wallahu a'lam.