Ufunguo wa Pili Usingoje wa Kwanza Upotee

Gari lisilo na ufunguo ni mzigo wa chuma tu. Mkazi wa Nkende, wilayani Tarime, akiupoteza ufunguo wake wa pekee, hana budi kumwita fundi mwenye chombo maalumu, au alivute gari hadi alipo fundi. Ndugu yake wa Ukerewe akikosa fundi kisiwani, taabu yake ni kubwa zaidi, kwani gari lisilowaka halina budi kusukumwa hadi ndani ya kivuko cha Rugezi.

Wapo wanaoamini kuwa dawa ni kununua rimoti nyingine na kuitambulisha kwa gari nyumbani. Hiyo ni nusu ya kweli. Kazi ya rimoti ni kufunga na kufungua milango. Katika magari kadhaa, mwenyewe aweza kuitambulisha kwa kufuata kitabu cha gari: huzungusha swichi na kufungua mlango kwa hesabu iliyowekwa, kisha hubonyeza kitufe. Lakini mawimbi sharti yaafikiane. Rimoti nyingi za soko la Japani hutumia megahezi zipatazo 315, na nyingi za Ulaya 433. Aidha, rimoti zote ziwepo mkononi, maana baadhi ya magari hufuta za zamani yapokeapo mpya.

Kuwasha injini ni jambo jingine. Magari mengi huitambua kwanza chipu ndogo iliyofichwa katika kichwa cha ufunguo; isipotambuliwa, injini haiwaki. Ulaya ilifanya kinga ya namna hiyo kuwa sharti kwa magari mapya mwaka 1998. Katika baadhi ya magari, ufunguo unaotambuliwa ndio unaoukaribisha mwingine. Basi mwenye ufunguo mmoja angali na njia nyepesi. Aliyepoteza wote, njia hiyo imekwisha kumfungia.

Kwa hiyo twawashauri wenye magari, wa bara na wa visiwani, wachonge ufunguo wa pili wakati wa kwanza ungali mfukoni.

Kwa viongozi, tuna ombi moja. Tarime ni jirani wa mpaka wa Sirari. Gari lililoibwa usiku laweza kuwa limevuka kabla ya mapambazuko. Ufundi unaomwokoa mwenye mali ndio huohuo umfaao mwizi. Yafaa kila fundi wa funguo aone kadi ya gari na kitambulisho cha mteja, na kuyaandika daftarini, kabla ya kushika tupa. Hilo halihitaji fedha, ila uangalifu.